Maswali ya Wasomaji: Gesi, Umeme na Dizeli Katika Usafiri Wetu

Makala yetu ya mwezi uliopita ilieleza kwamba usafiri hutoa karibu robo ya hewa ukaa yote inayotokana na matumizi ya nishati duniani, na kwamba takriban robo tatu ya kiasi hicho hutoka kwenye magari ya barabarani. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua zile zinazogusa mambo ambayo wasomaji wengi wameyauliza kwa namna mbalimbali, na baadhi tumezifupisha.

Mhariri, salaam. Mimi ni dereva wa bajaji, Mbagala. Wenzangu wengi wamefunga mfumo wa gesi nami ninakusanya fedha nifunge. Abiria mmoja ameniambia kuwa gesi nayo inachimbwa ardhini kama mafuta, kwa hiyo mazingira hayapati nafuu yoyote. Je, ni kweli? Na mtungi huo ni salama kweli?

Ndugu yangu, abiria wako amesema nusu ya ukweli. Gesi asilia inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay huchimbwa ardhini, na ikiungua hutoa hewa ukaa. Lakini sehemu yake kubwa ni methani, ambayo ina kaboni kidogo na hidrojeni nyingi ikilinganishwa na petroli, na ndiyo maana kwa nishati ileile hutoa hewa ukaa pungufu kwa kati ya asilimia 20 na 25. Tena haitoi masizi kama dizeli. Kwa upande wa mfuko wako, kilo moja ya gesi ina nishati inayokaribia ile ya lita moja na nusu ya petroli, ilhali bei ya kilo hiyo jijini Dar es Salaam imekuwa karibu nusu ya bei ya lita moja ya petroli. Ndiyo sababu wenzako wanavumilia foleni za vituo vya kujazia gesi hata usiku wa manane.

Nusu nyingine ya ukweli ni gesi inayovuja kabla ya kuungua, na hapa naomba unifuatilie kwenye hesabu. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa kilo 2.75 hivi za hewa ukaa, na lita moja na nusu ya petroli hutoa karibu kilo 3.5, kwa hiyo umeokoa kama robo tatu ya kilo. Methani isiyoungua, ikipimwa kwa muda wa miaka 20, hupasha angahewa joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Maana yake ni kwamba zikivuja gramu 10 tu katika kila kilo unayojaza, faida yote ya mazingira imekwisha, ingawa mfukoni bado utaona nafuu. Fundi anayekaza viungio vya bomba sawasawa, akavipaka povu la sabuni na kutazama kama linatoa mapovu, anafanya kazi kubwa ya kulinda mazingira kuliko bango lolote.

Kuhusu usalama, gesi hujazwa kwa mgandamizo wa takriban pau 200, ambao ni zaidi ya mara 80 ya upepo ulio katika tairi la gari dogo. Mtungi uliotengenezwa kwa kazi hiyo huuhimili bila shida. Mtungi wa kubahatisha hauwezi, na mtungi wa gesi ya kupikia usiukubali hata ukipewa bure. Mhudumu mzoefu utamtambua kwa mwenendo wake: huwateremsha abiria wote, huhakikisha injini imezimwa, husoma tarehe ya ukaguzi iliyogongwa kwenye mtungi, na baada ya hapo tu ndipo huchomeka mpira wa kujazia. Ukimkuta anayejaza huku abiria wamekaa nyuma wakichezea simu, tafuta kituo kingine.

Ndugu Mhariri, ninaishi Naivasha. Mpwa wangu amechukua pikipiki ya umeme kwa mkopo na anafanya kazi ya bodaboda. Jirani anasema moshi haujapungua, bali umehamishwa kutoka kwenye pikipiki kwenda kwenye mtambo wa umeme. Ninamjibu vipi?

Mjibu kwa kumwelekeza kwa majirani zenu wa Olkaria. Mvuke wa jotoardhi unaotoka huko huzalisha sehemu kubwa ya umeme wa Kenya kuliko chanzo kingine chochote, na ukijumlisha maji, upepo wa Turkana na jua, takriban asilimia 90 ya umeme wa nchi hiyo hautokani na mafuta. Isitoshe, mvuke wa visima haulali. Usiku wa manane, watu wanapokuwa wamezima taa na viwanda vimepunguza kazi, sehemu ya mvuke huo imekuwa ikiachiliwa hewani bila kuzalisha chochote, kwa hiyo betri inayochajiwa saa hizo hutumia nishati ambayo ingepotea. Ndiyo maana mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, na saa za usiku bei hiyo hushuka hadi nusu.

Hata hivyo jirani ameuliza swali la maana, nami ningependa tulipime mahali ambapo hoja yake ina nguvu zaidi, yaani pale umeme unapotoka kwenye mtambo wa gesi, kama ilivyokuwa kwa sehemu kubwa Tanzania kwa miaka mingi. Pikipiki ya petroli ya bodaboda hutumia kama lita mbili na nusu kwa kilomita 100 za mjini, na kila lita ikiungua hutoa kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa hiyo jumla inakaribia kilo 6. Pikipiki ya umeme hutumia uniti tatu hadi nne kwa mwendo huohuo. Mtambo wa gesi hutoa takriban nusu kilo ya hewa ukaa kwa kila uniti. Ukiongeza na umeme unaopotea njiani kwenye nyaya, hufikii kilo 2.5. Moshi umehama kweli, lakini zaidi ya nusu yake umepotelea njiani. Sababu ni kwamba injini ya petroli hugeuza sehemu kubwa ya nishati ya mafuta kuwa joto, lile linalounguza muundi wa abiria akigusa eksozi, na robo tu au pungufu ndiyo husukuma tairi, ilhali mota ya umeme hupeleka kwenye tairi zaidi ya asilimia 80 ya umeme inaopewa.

Mwambie pia jirani aende akatazame kituo cha kubadilishia betri. Mwendeshaji huinua kiti, huchomoa betri iliyoisha, huisukuma kwenye kabati lenye vyumba, taa huwaka kwenye chumba chenye betri iliyojaa, naye huichukua, hufunga kiti na kuondoka kwa muda mfupi kuliko ule wa kungoja mafuta kwenye foleni. Kigali walianza utaratibu huo mapema, na tangu Januari 2025 Rwanda imeelekeza kwamba pikipiki mpya za kubeba abiria jijini humo ziwe za umeme. Ethiopia, ambayo umeme wake karibu wote hutokana na maji na ambayo ilikuwa ikilemewa na gharama ya kununua mafuta nje, ilizuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024. Hatua hizo mbili zina sababu ya kiuchumi ndani yake kama zilivyo na sababu ya mazingira, na kwa maoni yangu ndiyo maana zina nafasi ya kudumu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Wanafunzi wangu wameniuliza kwa nini treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, inasemwa kuwa inatumia nishati kidogo wakati ni kubwa na nzito kuliko basi. Naomba maelezo ninayoweza kuwapa darasani.

Mwalimu, waambie waanze na gurudumu. Tairi la mpira hubonyea linapogusa lami, hurudi katika umbo lake, hubonyea tena, na kila mara nishati kidogo hupotea kwa joto. Ndiyo sababu tairi la basi lililotoka safarini huwa la moto. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halibonyei kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, na ukinzani wake ni sehemu ndogo sana ya ule wa tairi. Halafu kuna hewa. Mabasi kumi barabarani hukata hewa mara kumi, kila moja na kichwa chake, lakini mabehewa kumi hufuatana nyuma ya kichwa kimoja. Mwisho kuna breki: treni ya umeme inapopunguza mwendo, mota zake hugeuka kuwa jenereta na zinaweza kurudisha umeme kwenye waya wa juu, ambapo basi lingepoteza nishati hiyo yote kwa kusugua breki.

Treni ya umeme ya Tanzania ilianza safari za abiria mwaka 2024, kwanza Dar es Salaam hadi Morogoro na kisha Dodoma, kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa. Ile ya Kenya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, huvutwa na injini za dizeli. Nayo inaokoa mafuta kwa sababu ya gurudumu na hewa, ingawa haiwezi kufaidi umeme wa Olkaria mpaka nyaya zitakapofungwa. Ningependa wanafunzi wako waizingatie mizigo zaidi kuliko abiria, kwa sababu tani moja ya mzigo ikisafiri kwa reli hutumia mafuta pungufu mara tatu hadi nne kuliko ikibebwa na lori. Kila anayeishi kando ya barabara ya Morogoro anajua idadi ya malori yanayopita kwenda Rwanda, Burundi, Kongo na Zambia, na treni ya mizigo inayoyapunguza ina faida kubwa kwa mapafu ya watoto wa Chalinze na Mikese kuliko treni ya abiria peke yake.

Wasiambiwe, hata hivyo, kwamba umeme wa maji hauna gharama. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na limeifanya Tanzania iwe na umeme wa kutosha kuendesha treni hizo. Lakini maji yake yamefunika eneo kubwa la msitu katika lililokuwa Pori la Akiba la Selous, na wakulima na wavuvi wa delta ya Rufiji, pamoja na mikoko, hutegemea jinsi maji yanavyoachiliwa chini ya bwawa. Hilo nalo ni somo la darasani.

Mhariri, ninaishi Tabata na kazi yangu iko Posta. Nina gari dogo lililotumika Japani na ninaendesha peke yangu kila siku. Makala yenu imenifanya nijisikie vibaya, lakini nikiona jinsi watu wanavyosukumana kwenye mwendokasi na daladala, nakosa nguvu ya kuacha gari. Nifanye nini?

Dada, hatukukusudia ujisikie vibaya, na nitakuwa mkweli kwako kuhusu hesabu na kuhusu nani anayewajibika.

Hesabu ni hii. Tuseme kwenda na kurudi ni kilomita 30 na gari lako linakwenda kilomita 10 kwa lita. Unatumia lita tatu na kutoa karibu kilo 7 za hewa ukaa kwa siku. Koosta inayokwenda kilomita tano kwa lita ya dizeli ingetumia lita sita kwa mwendo huohuo na kutoa kilo 16, lakini ikiwa na watu 30 ndani, fungu la kila mmoja ni zaidi kidogo ya nusu kilo. Wewe mmoja unatoa kiasi cha abiria 13 wa daladala, hata kama gari lako ni jipya na lile la daladala limechoka. Hapo bado sijahesabu foleni ya Buguruni, ambapo injini huunguza kama lita moja kwa saa bila gari kusogea, hasa kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mjadala wetu mwingi unahusu jina la nishati, iwe petroli, gesi au umeme, ilhali idadi ya watu waliomo ndani ya chombo inabadilisha hesabu kuliko jina hilo.

Sasa nani anawajibika. Mabasi yaendayo haraka, yaani mwendokasi, yalipoanza Mei 2016 kwenye njia ya Kimara, watu wengi waliacha magari nyumbani kwa hiari yao, na mwaka 2018 jiji la Dar es Salaam lilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu kwa sababu ya mradi huo. Hakuna aliyewalazimisha. Walipanda kwa sababu basi lilikuja na likafika. Abiria wanapongoja kituoni muda mrefu, basi likaja limejaa hadi mlangoni, wenye uwezo hurudi kwenye magari yao na wasio na uwezo hubaki wakisukumana. Kwa hiyo simlaumu mama anayeendesha kwa sababu hawezi kuingia kwenye basi bila kuraruliwa nguo. Lawama ni ya wanaopanga usafiri wa jiji, ambao wanajua idadi ya abiria wa asubuhi na bado mabasi hayatoshi, na natumaini watasoma barua yako.

Wakati tukingoja, yapo unayoweza kufanya. Kama jirani zako wawili wanafanya kazi mjini, kupokezana magari kutapunguza fungu lenu kwa theluthi mbili kuanzia siku ya kwanza. Pima upepo wa matairi kila baada ya wiki mbili, kwa sababu tairi legevu hula mafuta. Safisha au badilisha chujio la hewa, kwa maana vumbi letu si la Japani. Na jambo ambalo wengi hawalijui: chungulia chini ya gari kama kisafisha moshi bado kipo. Ni kile kichupa cha chuma kwenye bomba la eksozi chenye madini ya thamani ndani yake, na kwa sababu ya thamani hiyo mafundi wasio waaminifu hukikata na kukiuza, kisha huunganisha bomba tupu. Gari linaendelea kutembea kama kawaida, lakini sumu inayotoka nyuma huongezeka mara nyingi.

Kifaa hicho kinaweza kufanya kazi hapa kwetu kwa sababu ya uamuzi ambao hatuusherehekei vya kutosha. Afrika kusini mwa Sahara iliacha petroli yenye madini ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Risasi na salfa nyingi huua kisafisha moshi. Mafuta safi tunayo. Tunachokosa ni ukaguzi wa magari wenye kupima moshi kwa mashine na kulizuia gari lililoshindwa. Magari yaliyotumika yataendelea kuja kwa wingi kadiri nchi tajiri zinavyohamia kwenye umeme. Norwei peke yake, karibu magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme, na ya petroli yanayoachwa Ulaya na Japani lazima yaende mahali. Kenya hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka minane. Kikomo cha umri ni kizuri, ila gari la miaka sita lililokatwa kisafisha moshi ni baya kuliko la miaka kumi lililotunzwa, na hilo haliwezi kuonekana kwenye makaratasi ya bandarini.

Kwa nini nauli ya boti ya kasi kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam iko juu, na je, boti hizo zinachafua zaidi? Msomaji, Mji Mkongwe.

Sababu moja ni kasi yenyewe. Nguvu inayohitajika kusukuma chombo majini hupanda kwa haraka sana kasi inapoongezeka, kiasi kwamba meli ya mizigo ikipunguza mwendo kwa asilimia 10 huokoa karibu asilimia 20 ya mafuta ya safari nzima, na kampuni kubwa za meli zilitumia njia hiyo mafuta yalipopanda bei. Boti ya kasi inanunua muda wako kwa dizeli. Abiria asiye na haraka akichukua meli ya polepole iliyojaa watu na mizigo, fungu lake la moshi huwa dogo zaidi. Kuhusu salfa, tangu 2020 meli zote duniani zinatakiwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, kutoka asilimia 3.5 iliyoruhusiwa awali, na miji ya bandari kama wenu imefaidika.

Nimesikia betri za umeme zikichakaa ni sumu. Tusije tukaondoa moshi tukaleta maradhi mengine. Mzee wa Changamwe, Mombasa.

Mzee wangu, hofu yako ina msingi, na wewe unaijua Owino Uhuru kuliko mimi. Kwa wasomaji wasioijua, huo ni mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi. Moshi na maji machafu vilifika majumbani, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Amri hiyo ilitenguliwa katika rufaa, hadi Mahakama ya Juu iliporudisha haki yao Desemba 2024.

Betri zilizowaumiza watu wa Owino Uhuru zilikuwa zile za risasi, zilizomo karibu katika kila gari la petroli na dizeli hadi leo. Betri zinazosukuma pikipiki na mabasi ya umeme kwa kawaida ni za lithiamu na hazina risasi, lakini zinaweza kushika moto zikipasuliwa, na baadhi zina nikeli na kobalti, madini yasiyofaa kuachwa dampo. Tofauti nyingine ni kwamba betri ya pikipiki iliyochoka bado hubaki na sehemu kubwa ya uwezo wake, kwa hiyo inaweza kuhifadhi umeme wa jua wa nyumba au duka kwa miaka kadhaa kabla ya kupelekwa kuchambuliwa. Pale betri inapobaki kuwa mali ya kampuni na mwendeshaji hulipia kubadilishiwa tu, kampuni ina kila sababu ya kuikusanya. Hatari iko kwa anayenunua pikipiki pamoja na betri yake, kwa sababu siku ikifa, mnunuzi wa kwanza atakayefika mlangoni ni wa vyuma chakavu. Yeyote anayekopa chombo cha namna hiyo amtake muuzaji aandike kwenye mkataba, kabla ya kusaini, kwamba betri iliyokufa ataipokea mwenyewe na bila malipo.